Kabla ya Kuandika Kwamba Amefeli: Mwongozo kwa Waandishi na Watangazaji Wanaoripoti Makwotabeki wa Marekani

Kila mwishoni mwa Aprili, ligi ya futiboli ya Marekani, NFL, hufanya drafti: timu 32 hupokezana zamu kuchagua vijana wanaotoka vyuo vikuu, raundi 7 kwa siku 3. Usiku wa kwanza huanza saa 2 usiku kwa saa za New York, na hapo Nairobi na Dar es Salaam ni saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa. Mwandishi wa zamu ana taarifa za mashirika ya nje, picha ya kijana aliyevaa kofia ya timu yake mpya, na taarifa ya habari ya asubuhi inayomsubiri. Ataandika kwamba mkombozi amepatikana. Misimu mitatu ikipita, pengine mwandishi huyo huyo ataandika kwamba kijana yule amefeli.

Habari hizo mbili huwa na kasoro moja: zinamhukumu mtu mmoja kwa kazi iliyofanywa na watu wengi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya waandishi, wahariri na watangazaji wa Kiswahili wanaoripoti mchezo huu. Wasikilizaji wetu wengi hawakukua nao, na kwa hiyo hutegemea maneno yetu kuliko macho yao. Jambo hilo linatuongezea wajibu.

Kazi yenyewe

Wachezaji 11 wa upande unaoshambulia humtegemea kwotabeki aamue. Kocha humsomea mpango kupitia redio iliyomo ndani ya kofia yake. Mawasiliano hayo hukatwa zikibaki sekunde 15 kabla ya muda wa kuanzisha mchezo kwisha, na tangu hapo yuko peke yake. Anaangalia mabeki wa upande wa pili walivyojipanga na kubadili mpango akiona haja. Akishapokea mpira ana sekunde mbili na nusu hadi tatu hivi za kumtafuta mpokeaji wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha kuurusha pale mwenzake atakapofika. Muda wote huo watu wenye kilo 120 na zaidi wanamjia kumwangusha.

Chuoni kazi hiyo huwa nyepesi. Kijana wa chuo kikubwa hucheza mechi nyingi dhidi ya mabeki ambao hawatakanyaga NFL kamwe, na makocha wengi wa vyuo humpunguzia maamuzi kwa kumpa mipango ya kutazama upande mmoja tu wa uwanja. Video za chuoni basi huonyesha vizuri nguvu za mkono na wepesi wa miguu. Hazionyeshi vizuri atakavyofikiri pale ambapo hakuna beki dhaifu. Mwandishi anayeeleza drafti aliseme hilo mapema, kwa sababu ndilo chimbuko la makosa mengi ya timu.

Kisa cha 1998

Kisa ambacho kila mwandishi wa mchezo huu anapaswa kukijua ni cha mwaka 1998. Indianapolis Colts walikuwa na chaguo la 1, San Diego Chargers la 2. Kwa miezi kadhaa watu walibishana nani achukuliwe kwanza kati ya Peyton Manning wa Chuo Kikuu cha Tennessee na Ryan Leaf wa Washington State, na wako wasaka vipaji waliompendelea Leaf kwa ukubwa wa mwili na nguvu za mkono wake. Colts walimchukua Manning.

Msimu wake wa kwanza ulikuwa mbaya. Colts walishinda mechi 3 na kupoteza 13, na pasi zake 28 zilinaswa na wapinzani, rekodi ya mchezaji wa msimu wa kwanza. Mwandishi mwenye haraka angemwita hasara Desemba ile ile. Lakini Colts hawakumweka benchi. Kocha wa mashambulizi, Tom Moore, aliendelea kufanya naye kazi kwa zaidi ya miaka 10, kwa mipango na istilahi zile zile. Mpokeaji hodari, Marvin Harrison, alikuwa tayari yuko kikosini. Mwaka 1999 Colts walishinda mechi 13 na kupoteza 3. Manning alistaafu akiwa na tuzo 5 za mchezaji bora wa ligi na mataji 2 ya Super Bowl.

Huko San Diego, kocha mkuu Kevin Gilbride alifukuzwa baada ya mechi 6 tu za msimu ule. Leaf aliumaliza akiwa na tachidauni 2 za pasi na pasi 15 zilizonaswa. Alimfokea mwandishi mbele ya kamera, akaumia bega na kuukosa msimu mzima wa 1999, na baada ya msimu wa 2000 timu ikamwacha. Mwenyewe amekiri hadharani kwamba hakuwa amekomaa kwa kazi ile. Baadaye alitekwa na dawa za kutuliza maumivu, akafungwa, akatoka gerezani 2014, na tangu hapo amekuwa akizungumza juu ya uraibu na afya ya akili.

Tofauti ya tabia na maandalizi kati ya wawili hawa haina ubishi. Manning ni mtoto wa kwotabeki Archie Manning, na aliijua kazi hii tangu utotoni. Lakini mwandishi akiishia hapo amesimulia nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba kijana mmoja alivumiliwa katika makosa 28 huku watu wale wale wakimsahihisha, na mwenzake alikosea huku uongozi uliomchagua ukivunjika mbele yake. Kila habari ya kwotabeki aliyefaulu au aliyeshindwa inahitaji nusu zote mbili.

Nani alimpokea

Utaratibu wa drafti wenyewe una mtego. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo inayopewa nafasi ya kwanza kuchagua. Nia ni kusawazisha ligi, na ni nia njema. Matokeo yake ni kwamba kijana anayesifiwa kuliko wote, isipokuwa timu zimebadilishana nafasi, hupelekwa mahali penye kocha anayeogopa kufukuzwa na wapokeaji wasiotosha, na mara nyingi walinzi wa mbele nao ni dhaifu. Mwandishi anapoandika jina la kijana aliyechaguliwa wa 1, aandike pia timu ile ilishinda mechi ngapi mwaka uliopita na kwa nini ilipoteza zilizobaki.

Mfano wa wazi ni David Carr. Houston Texans ilikuwa timu mpya kabisa mwaka 2002, na ikamchukua Carr kwa chaguo la 1. Msimu ule aliangushwa mara 76, rekodi ya ligi. Kwotabeki anayeangushwa namna hiyo huanza kuwatazama wanaomjia badala ya wapokeaji wake, na mazoea hayo ni magumu kuyaondoa hata ukuta wa walinzi wa mbele ukija kuimarika. Lakini pia takwimu ya kuangushwa isitumiwe kama kisingizio cha kila mtu. Joe Burrow wa Cincinnati aliongoza ligi kwa kuangushwa mara 51 msimu wa 2021, akaangushwa tena mara 9 katika mechi moja ya mtoano dhidi ya Tennessee, akaishinda, na kuifikisha timu yake Super Bowl. Mwandishi auangalie ukuta na mtu kwa pamoja.

Alex Smith anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa. San Francisco 49ers walimchagua wa 1 mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 20. Katika msimu wake wa kwanza alipata tachidauni 1 ya pasi huku pasi 11 zikinaswa. Katika misimu 4 ya mwanzo timu yake ilikuwa na makocha 4 wa mashambulizi: Mike McCarthy, Norv Turner, Jim Hostler, Mike Martz. Kila mmoja alikuja na istilahi zake na mipango yake, na huku bega la kijana likiwa limeumia. Kwa miaka 6 aliandikwa kama mfano wa chaguo lililopotea, hasa kwa kuwa Aaron Rodgers, aliyechaguliwa wa 24 drafti ile ile, alikuwa ameanza kung'ara Green Bay. Rodgers alikuwa amekaa misimu 3 nyuma ya Brett Favre akijifunza, kabla ya kukabidhiwa timu 2008.

Mwaka 2011 Jim Harbaugh akawa kocha wa 49ers. Smith, yule yule, alirusha tachidauni 17, pasi zilizonaswa zikawa 5 tu, na timu ikashinda mechi 13. Baadaye alihamia Kansas City kwa kocha Andy Reid, na mwaka 2017 aliongoza ligi nzima kwa alama za ubora wa pasi. Msimu huo huo, kwenye benchi lake alikaa kijana aliyekuwa akimtazama jinsi anavyojiandaa kila wiki. Kijana huyo ni Patrick Mahomes.

Kansas City walikuwa wameshinda mechi 12 mwaka 2016. Hawakuwa timu mbovu. Walipanda kutoka nafasi ya 27 hadi ya 10 ili kumpata Mahomes, wakampa kocha mzoefu na kwotabeki wa kumtazama, na wakamchezesha mechi 1 tu mwaka wa kwanza. Mwaka 2018 alirusha tachidauni 50 na kuchukua tuzo ya mchezaji bora. Katika drafti ile Chicago Bears walimchagua Mitchell Trubisky wa 2, na miaka yote watu huwacheka. Ni kweli walikosea. Ila mwandishi asiandike kama kwamba Mahomes wa 2018 alikuwa tayari ndani ya Mahomes wa Aprili 2017, akisubiri kuvalishwa jezi yoyote. Sehemu ya Mahomes tunayemjua ilijengwa Kansas City.

Jared Goff naye ni somo. Alichaguliwa wa 1 mwaka 2016 na Los Angeles Rams, akaanza mechi 7 na kuzipoteza zote. Mwaka uliofuata Rams walimwajiri Sean McVay, kocha mkuu mwenye umri wa miaka 30. Wakamleta Andrew Whitworth kulinda upande wa kushoto, na wapokeaji Robert Woods na Cooper Kupp. Goff alirusha tachidauni 28 na timu ikashinda mechi 11. Mkono ulikuwa ule ule wa mwaka uliotangulia. Trevor Lawrence, aliyechaguliwa wa 1 mwaka 2021, alianzia Jacksonville chini ya Urban Meyer, ambaye alifukuzwa kabla msimu haujaisha. Sam Darnold, aliyechaguliwa wa 3 na New York Jets mwaka 2018, alionekana amekwisha hadi Minnesota Vikings walipomkabidhi timu mwaka 2024 na kushinda mechi 14.

Kwa hiyo kabla ya kuandika hukumu, mwandishi atafute majibu ya mambo machache, yote yanapatikana kwenye rekodi za wazi. Tangu kijana aingie, amekuwa na makocha wakuu wangapi, na makocha wa mashambulizi wangapi? Aliangushwa mara ngapi? Wapokeaji wake wawili wakuu walikuwa nani, na walicheza mechi ngapi bila kuumia? Alipewa muda wa kukaa na kutazama, au alisukumwa uwanjani wiki ya kwanza kwa sababu tiketi zilikuwa zimeshauzwa? Kazi hii inachukua nusu saa.

Wajibu wa mchezaji

Yaliyosemwa hapo juu yasimfanye mwandishi amwondolee mchezaji wajibu wake. JaMarcus Russell alichaguliwa wa 1 mwaka 2007 na Oakland Raiders. Alikuwa na mkono ambao wachache wamewahi kuwa nao. Alikosa kambi nzima ya mazoezi kwa mzozo wa mkataba, akasaini Septemba msimu ukiwa umeshaanza. Katika mechi 25 alizoanza, timu ilishinda 7. Mwaka 2010 aliachwa na hakucheza tena NFL. Raiders walikuwa na vurugu zao, na kocha Lane Kiffin alifukuzwa mechi 4 tu baada ya msimu wa 2008 kuanza, lakini mwandishi hapaswi kuficha kwamba maandalizi ya Russell mwenyewe yalilalamikiwa sana. Haki ni kuyasema yote mawili katika habari moja.

Upande wa pili wa wajibu huo yuko Josh Allen. Alitoka Chuo Kikuu cha Wyoming akiwa na sifa ya kutolenga vizuri. Msimu wake wa kwanza na Buffalo, 2018, asilimia 52.8 tu ya pasi zake zilifika. Mwaka 2019 zikawa 58.8, na mwaka 2020 zikawa 69.2. Alirekebisha namna ya kusimama na kurusha, jambo ambalo wataalamu wengi waliamini haliwezekani kwa mtu mzima. Na hapa tena pande mbili hukutana: kocha wa mashambulizi, Brian Daboll, alikuwa yeye yule misimu yote hiyo, na mwaka 2020 timu ilimnunulia mpokeaji Stefon Diggs.

Majeraha yatajwe kwa jina lake. Robert Griffin wa Tatu alichaguliwa wa 2 mwaka 2012, akawa mchezaji bora mpya wa mashambulizi, kisha goti lake likaumia vibaya kwenye mtoano Januari 2013 na hakurudi kuwa yule. Kumwita mtu huyo aliyefeli ni kosa la taarifa.

Vipimo vya kabla ya drafti

Taarifa za mashirika hujaa vipimo: urefu, ukubwa wa kiganja, kasi ya yadi 40. Kwa miaka mingi ilikuwepo pia karatasi ya maswali 50 ya kujibiwa kwa dakika 12, iliyoitwa Wonderlic. NFL iliacha kuwapa vijana mtihani huo katika kambi yake ya vipimo mwaka 2022, baada ya alama zake kuvujishwa mara nyingi na kuwadhalilisha watu bila kueleza lolote juu ya uchezaji wao. Mwandishi anayekuta alama za zamani asizitumie.

Kinachofaa kuangaliwa ni idadi ya mechi alizoanza chuoni. Trubisky alianza mechi 13 tu. Trey Lance alikuwa na msimu mmoja kamili North Dakota State, wa 2019, na mechi 1 mwaka 2020. San Francisco walitoa haki zao za raundi ya kwanza za miaka 3 kupanda kutoka nafasi ya 12 hadi ya 3 ili kumpata mwaka 2021. Alivunjika kifundo cha mguu mwaka uliofuata, na kijana aliyechaguliwa wa 262, yaani wa mwisho kabisa, Brock Purdy, akaichukua timu na kuifikisha Super Bowl ya Februari 2024. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler walichapisha mwaka 2013 utafiti ulioonyesha kwamba timu hulipa ghali kupita kiasi ili kupanda juu kwenye drafti, kwa sababu zinaamini uwezo wao wa kutabiri kuliko rekodi inavyoruhusu. Mhariri anayetaka kichwa cha habari kinachosema timu fulani "imepata" kwotabeki wake wa miaka 15 akumbushwe utafiti huo.

Rangi na maneno

Hapa sisi waandishi wa Afrika hatuna ruhusa ya kunakili tu. Kwa miongo mingi makwotabeki Weusi walihamishiwa nafasi nyingine kwa madai kwamba hawana akili ya uongozi. Warren Moon hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 1978. Alikwenda Edmonton, Kanada, akashinda mataji 5 mfululizo, ndipo NFL ikamfungulia mlango. Mwaka 2006 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Mwaka 2018 bado walikuwepo waliosema hadharani kwamba Lamar Jackson awe mpokeaji. Baltimore walimchukua wa 32, wakajenga mashambulizi yao yote kumzunguka, na mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote.

Angalia basi taarifa unayoitafsiri. Ikiwa kijana Mweupe anaitwa mwenye akili na kiongozi, na Mweusi anaitwa mwenye mbio na kipaji cha kuzaliwa, usipeleke maneno hayo hewani kama yalivyo. Eleza kila mmoja alichofanya uwanjani, kwa vipimo vile vile.

Wakati wa kuhukumu

Mkataba wa kijana wa raundi ya kwanza ni wa miaka 4, na timu ina hiari ya mwaka wa 5 ambayo huamuliwa baada ya msimu wa 3. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza yenye mantiki ya kutathmini. Fedha zimebadilisha subira pia. Mwaka 2010 Sam Bradford, chaguo la 1, alipata mkataba wa dola milioni 78. Mwaka 2011, makubaliano mapya ya wachezaji yalipoanza, Cam Newton alipata dola milioni 22. Kwa kuwa kijana ni nafuu, timu humtupa mapema. Arizona walimchagua Josh Rosen wa 10 mwaka 2018 na kumuuza mwaka mmoja baadaye. Kati ya makwotabeki 5 wa raundi ya kwanza ya 2021, ni Lawrence pekee aliyekuwa bado na timu iliyomchagua msimu wa 2024 ulipoanza. Kuachwa mapema, basi, ni habari ya timu kama ilivyo habari ya mchezaji.

Ndugu mwandishi, kabla ya kutuma habari inayosema kijana wa miaka 23 amefeli, andika ndani yake sentensi moja inayowataja kwa majina waliomchagua, waliomfundisha na waliopewa kazi ya kumlinda, na walichofanya. Ukishindwa kuiandika, habari hiyo haijakamilika. Mhariri aizuie mpaka ikamilike.